Noela Amepata Kiti

Kibaoni, Ifakara

Dada Agnetha,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje huko Chita, na shemeji na mpunga wake? Sisi wazima, ila mimi nina furaha mpaka usingizi hauji. Nampa Evod, kijana wa jirani, barua hii apande nayo treni, maana majigambo niliyonayo yatamaliza salio la simu kabla hayajafika nusu.

Mwanao Noela ameshinda! Unajua kule Dar es Salaam anabuni mifupa ya viti vya magari, lile umbo la chuma lililofichwa ndani ya sponji. Ametengeneza kiti chepesi cha alumini ili gari lisinywe mafuta ovyo. Wakubwa wake wakamcheka kwamba hicho ni cha kukalia kuku, na kwamba kikivunjika kwenye jaribio, kazi imeisha, arudi kwa mama yake. Basi juzi wakamfunga hapo mwanasesere mzito kama mtu mzima, wakakisukuma kwenye reli, wakakibamiza ukutani kama gari linalopata ajali. Noela anasema alifumba macho. Alipofumbua, kiti kimepinda kidogo tu, palepale alipotaka kipinde, na mwanasesere ametulia kama bwana harusi! Sasa magari mapya ya kiwanda chao yatafungwa viti vya mtoto wangu. Mimi niliyeishia darasa la saba, dada!

Jumapili baada ya misa nikashindwa kujizuia, nikatangaza kwamba Noela amepata kiti. Vigelegele, usiniulize! Hata Severini, yule aliyenitania kwamba binti wa kuchomelea vyuma ataolewa na jenereta, alikuja jioni na jogoo, akaniomba nimkumbushe mheshimiwa habari za daraja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nakuambia wewe tu: wanadhani ni ubunge wa viti maalumu. Nilifungua mdomo nimsahihishe, lakini akaniita Mama Mheshimiwa, mdomo ukajifunga wenyewe. Jogoo tumeshamla.

Jumamosi Noela anakuja, na wameshaandaa ngoma ya kumpokea stendi. Anakileta kiti chenyewe kilichobamizwa. Nitakinyanyua kwa mkono mmoja mbele ya Severini na kanisa zima, niwaulize ni mbunge gani wanayemjua ambaye kiti chake kiligongwa namna hiyo na bado akabaki amekikalia.

Usikose, dada, na uje na sauti yako ya vigelegele. Shemeji mpe salamu zangu zote.

Ni mimi mdogo wako,
Yosefina,
Mama Mheshimiwa wa Viti vya Magari