Maji Miguuni pa Mama

Shemeji yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, mama watoto na watoto wote. Ni matumaini yangu kwamba kifua kilichokuwa kinakusumbua kimetulia na kazi zinakwenda. Sisi huku hatujambo. Dada yako ni mzima na anakusalimu. Mama naye goti limepungua uvimbe, sasa anapanda ngazi bila kuhesabu, na hasira zake pia zimepungua, kama utakavyoona mbele.

Najua utashangaa kupata barua yangu ya pili kabla hujajibu ya kwanza. Katika ile ya kwanza nilikuomba uje Jumamosi ya mwanzo wa mwezi umchukue Mama, kwa kuwa ana tabia ya kumwaga maji ndani ya gari langu, na kwamba kwa ajili ya amani ya nyumba ingefaa akae kwako kwa muda. Shemeji, nakuomba usije kumchukua. Sababu ni ndefu kidogo, kwa hiyo tafuta mahali ukae.

Gari letu unalijua, lile la rangi ya majivu nililouziwa na mwalimu mstaafu. Siku ananikabidhi ufunguo alitokwa na machozi, nikadhani analia kwa kulipenda. Kiangazi kizima halikunipa shida. Mvua zilipoanza, maji yakaanza kuonekana mbele, upande wa abiria, pale miguuni pa Mama. Yeye ndiye hukaa hapo kwa sababu ya goti, kila ninapompeleka kliniki. Siku ya kwanza ilikuwa unyevu tu. Wiki ya pili, ukikanyaga kapeti inatoa povu. Wiki ya tatu gari likawa linanuka soksi za timu nzima ya mpira, na dada yako alipoinua kapeti alikuta maharage yaliyowahi kumwagika tukitoka sokoni yameota, kila moja na majani yake mawili, yamesimama vizuri kuliko yale ya bustanini.

Sasa shemeji, mimi ni fundi bomba. Miaka kumi na tisa naingia majumbani mwa watu, natega sikio ukutani, nasema maji yako hapa, na yanakuwa hapo. Kwa hiyo nililikagua gari kwa jicho la kazi. Paa halina tundu. Vioo vinapanda mpaka mwisho. Milango ina mipira yake. Nikahitimisha kwamba maji hayaingii, bali yanaingizwa. Na Mama husafiri na chupa ya maji ya kumezea dawa.

Mtu hawezi kumwambia mama mkwe jambo kama hilo uso kwa uso, kwa hiyo nilimtuma dada yako amwambie kwa lugha laini. Dada yako unamjua, lugha laini hakujaliwa. Alimkuta Mama anachambua mchele akamwambia, "Mume wangu anasema unamwaga maji kwenye gari." Safari iliyofuata Mama aliingia na chupa tupu, ameishika kichwa chini miguu juu ili niione vizuri. Tulipofika, maji yalikuwapo. Nikasema, kwa kupitia dada yako, labda ni mwavuli unaochuruzika. Safari nyingine mwavuli akauacha nyumbani, akatembea kwenye mvua hadi garini akiwa wima kama askari wa gwaride. Maji yakawapo. Nikasema labda basi ni nguo zake zilizolowa.

Hapo ndipo Mama alipofunga begi lake, akakaa nalo sebuleni, akatamka kwamba katika maisha yake ameitwa majina mengi, lakini hajawahi kuambiwa kwamba anavuja. Dada yako akanipakulia ukoko siku tatu. Ndiyo wiki niliyokuandikia.

Barua ilipokwisha kuondoka, Mama akaniita. Alisema ataondoka, hana neno, ila haondoki na jina la mwaga maji. Akataka gari likaushwe mpaka mtu aweze kulala pale chini penye kapeti, kisha lifungwe, ufunguo akae nao yeye, na asiingie mtu hadi mvua inyeshe. Nilikubali kwa furaha, maana niliona anajifunga mwenyewe. Nilikausha kwa magazeti na matambara siku nzima, nikafunga, nikamkabidhi ufunguo. Siku mbili baadaye ikanyesha mvua ya kutwa. Ilipokatika, aliniita, akafungua mlango mbele yangu na mbele ya dada yako. Pale chini palikuwa na dimbwi ambalo bata angelifurahia. Mama aliliangalia, akaniangalia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapa alikuwa amekaa nani?"

Nilisema tutalitafuta tundu. Nilisema "tutalitafuta" kwa heshima tu, nikiwa na maana ya mimi peke yangu, lakini Mama alikwisha kwenda kuvaa viatu vya zamani.

Jumapili ya kwanza niliifanya kwa njia yangu. Nilifungulia mpira wa maji kwa nguvu zote na kulimwagia gari kuanzia juu, kama ninavyopima bomba. Maji yaliingia kila mahali kwa wakati mmoja, hata yasikoingia siku zote, na nikawa sijajifunza chochote. Mama, aliyekuwa amekaa garini kuangalia maji yanapoingilia, alitoka amelowa mpaka kwenye nyusi. Wewe umelelewa chini ya cherehani yake, unajua ameshona maturubai ya malori miaka thelathini. Alinieleza, huku anajikamua, kwamba maji ya bomba yanasukumwa, lakini ya mvua yanatambaa, na kinachotambaa hakiingilii pale unapokiona, kinaingilia mbali kikafuata mshono. Akaniagiza nipunguze maji yawe ya kudondoka tu, nianze chini nipande juu polepole, na nisihame sehemu moja kabla yeye hajasema.

Basi tukaifanya kwa njia yake. Nilitoa siti ya mbele, nikainua kapeti. Yeye alikaa nyuma, tochi mkononi na mfuko wa nailoni kichwani, na kila penye chuma alinyunyiza poda ya watoto, kwa sababu tone la maji likipita kwenye poda linaacha njia. Tukakubaliana kwamba akigonga kioo mara moja ni pakavu, mara mbili ni pamelowa. Majirani walikuwa wanapita wanatusalimu kwa uangalifu.

Tulianza chini ya mlango, kukawa kimya, mara moja. Tukapanda. Nilipofika kwenye lile bonde chini ya kioo cha mbele, zinapolala waipa, akagonga mara mbili. Nilifungua kifuniko cha pale nikatoa majani yaliyooza ya kujaza ndoo ndogo. Yalikuwa yameziba vitundu vya kutolea maji, bonde linajaa, maji yanafurika na kuingilia kwenye njia ya hewa ya dashibodi, yanashuka hadi miguuni pa Mama. Nilisafisha, nikapitisha waya, maji yakashuka chini ya gari kama yanavyotakiwa. Nikatangaza kwamba kazi imekwisha. Mvua ya katikati ya wiki ilipokuja, maji yakawa nusu ya yale ya zamani. Nikasema ni maendeleo. Mama akasema nusu ya tundu nayo ni tundu.

Jumapili ya pili tukarudi. Safari hii nilipodondosha maji kwenye kioo cha mlango wa upande wake, aligonga mara mbili, akafungua na kunionyesha. Njia ya maji kwenye poda ilikuwa inatokea chini ya ule ubao wa ndani wa mlango, nyembamba na imenyooka kama mstari wa chaki. Nikasema ni mpira wa kioo umechoka. Nikapaka silikoni kuzunguka kioo, nyingi mno, na tangu siku hiyo dirisha hilo halishuki. Maji yakaendelea. Mama akapendekeza tufungue ubao wa mlango tuone ndani. Nilimjibu upesi kwamba ule ubao hufungwa kiwandani na mtu haruhusiwi kuugusa. Aliinama na tochi yake akazitazama skrubu tatu zilizoushika kwa muda mrefu, kisha akasema, "Haya," akashuka.

Jumapili ya tatu nilimwagia maji nyuma ya gari. Nilimwagia taa za nyuma, buti, hata namba ya gari. Mama alikaa ndani na mfuko wake kichwani akigonga mara moja, mara moja, mara moja. Tulipokuwa tunapumzika alinisimulia turubai la kwanza alilowahi kuharibu, jinsi alivyolishona kinyumenyume na kulificha mwezi mzima ndani ya godoro lake, mpaka godoro lenyewe likamshtaki kwa kukwaruza kila alipojigeuza. Nami nilimsimulia bomba nililowahi kulifunga nikiwa nimesahau kofia yangu ndani yake. Shemeji, miaka sita tumeishi nyumba moja tukiambiana shikamoo, marahaba na karibu chakula. Sikujua kama Mama anacheka mpaka anashika ubavu. Kabla hatujaingia ndani aliniuliza kama nimemaliza pande zote. Nikasema karibu. Akasema, sawa, yeye yupo.

Sasa nimefika pale ambapo kalamu yangu imekuwa ikipakwepa tangu mwanzo. Nilijua tundu liko wapi tangu Jumapili ya pili. Mama alipogonga mara mbili pale mlangoni, moyo wangu uligonga mara tatu.

Miezi minane iliyopita mkono wa kupandishia kioo cha mlango ule ulikwama. Nilifungua ubao mwenyewe. Ndani nikakuta karatasi kubwa ya nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi ya kunata, inanizuia kupita. Nikadhani ni ile ya dukani, kama inayokuja kwenye godoro jipya, na kwamba kiwanda kilisahau kuibandua. Niliibandua kwa furaha ya mtu aliyewashinda wenye kiwanda akili, nikaikunja na kuishona iwe kifuniko cha kiti cha baiskeli yangu. Kumbe mlango wa gari hupokea maji ya mvua kila siku. Yanashuka ndani kwa ndani na kutokea vitundu vya chini, na nailoni ile ndiyo inayoyazuia yasiingie kwa abiria. Kwa hiyo miezi minane kiti cha baiskeli yangu kilikuwa kikavu, na tangu mvua zianze Mama yako analowa.

Nilipotambua hivyo nikaamua kuficha. Ningeanzaje? Nimemwambia mtu aliyeshona maturubai miaka thelathini kwamba anavuja, nimemwandikia mwanawe barua, halafu niseme tundu nimelitoboa mimi, fundi wa kuziba. Niliona afadhali gari lioze.

Alhamisi nilirudi kutoka kazini nikamkuta Mama mezani. Mbele yake ametandaza kile kifuniko cha baiskeli, amekifumua nyuzi zangu, amekiosha na kukinyoosha. Kilikuwa na umbo la mlango mtupu, na matundu mawili, moja la kitasa na moja kubwa la duara. Dada yako alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mama aliweka kidole kwenye lile tundu la duara akaniuliza, "Mwanangu, baiskeli yako ina mkono wa kupandishia kioo?"

Nikasema, "Mama, ni mimi."

Akasema anajua. Alijua tangu alipoona skrubu za kiwandani zimetafunwa na bisibisi. Kifuniko chenyewe alikishuku siku hiyo hiyo, akakiacha baiskelini ili nipate nafasi ya kukileta mwenyewe. Alisema Jumapili ya tatu yote alikaa kwenye maji akiningoja niseme, hata akanisimulia habari ya turubai na godoro kunirahisishia njia, nami nikamjibu habari ya kofia. Nilimwomba radhi kwa chupa, kwa mwavuli na kwa nguo, moja moja, kwa sababu alitaka moja moja. Kisha nikamweleza habari ya barua yangu kwako, maana hakuwa ameambiwa nilichoandika. Hiyo ilimuuma kuliko maji. Wakati wa kula aliweka chumvi upande wake, na mimi sikuthubutu kuiomba.

Asubuhi yake aliniita tukafanya kazi. Alikata turubai jepesi kwa kufuata ile nailoni, akaniagiza gundi ya kunata, na ukingo wa chini akaukunjia ndani ya mlango, si nje, ili maji yakishuka yarudi yalikotoka na kutokea vitundu vya chini. Jambo dogo kama hilo mimi nisingeliwaza. Mvua imenyesha Jumanne na Jumatano, zote mbili kubwa. Leo nimefungua mlango, na poda iko kama alivyoinyunyiza.

Shemeji, uliyosoma katika barua ya kwanza hayakuwa kweli, na nimeyakanusha kwa mkono wangu mwenyewe bila kulazimishwa, ingawa Mama ndiye aliyenitafutia kalamu. Kuhusu Jumamosi, amesema kuja kwako atakuja, kwa sababu amewakumbuka wajukuu, lakini hataki kuchukuliwa kama mzigo uliokataliwa. Nitamleta mimi, akiwa amekaa mbele, na viatu vyake vipya amesema atavivaa tangu nyumbani. Atakaa kwako wiki mbili. Tarehe ya kumfuata ameitaja yeye, nami niliikubali kabla hajamaliza kuitaja.

Wasalimie watoto, mwambie mama watoto asijisumbue kwa maandalizi makubwa, tutakula kilichopo. Dada yako anakusalimu sana na anasema mengine atakueleza yeye, jambo ambalo naliogopa kidogo. Uwe na afya njema mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi shemeji yako,
mume wa dada yako, na mkwe wa Mama.