Karatasi ya Kemia ya Akinyi

Mjukuu wangu Atieno,

Niwie radhi kwa kimya kirefu. Nyanya yako aliugua, sasa amepona.

Unauliza nini humpata aliyekosa karatasi moja ya mtihani wa kidato cha nne. Shangazi yako Akinyi alikosa ya kemia kwa amri yangu: tulikuwa matangani Sindo, nami nikamzuia kuondoka kabla ya waombolezaji kunyolewa nywele, kama ilivyo desturi yetu. Matokeo yalikuja bila gredi. Mwaka uliofuata alirudia mitihani yote pamoja na wanafunzi wa darasa lililomfuata.

"Nyanya, mkongojo uko wapi?" wakamtania.

"Nimeuacha mlangoni; mtauhitaji mkiona maswali," akajibu.

Hadi leo nashangaa alikitoa wapi kicheko kile.

Kesho nitamwona mwalimu wako mkuu huko Rongo. Akiamua kukusajili upya, nitakuandikia. Nitapitia kwanza kwa Akinyi, kwani sijawahi kumwomba radhi.

Babu yako