Mgeni wa Mama, Mteja Wangu

Jumatano. Upepo wa Tunduma umeamka na vumbi lake, foleni ya malori haijasogea tangu jana, na mimi siwezi kutulia. Uwanja nimeufagia mara tatu.

Shajara, nimemkosea mama.

Nilipoacha kazi ya mapokezi gesti, nilitangaza mtandaoni vyumba vyetu viwili vya uani. Siku hizi mjini hapa kila mwenye chumba cha ziada anapokea watu wa kulala siku mbili tatu, na wenye gesti wamenuna. Nyota nilizopewa na waliolala zilikuwa tano. Nikajiona nimeyapatia maisha.

Shida ikaanzia kwenye neno. Mimi nasema mteja, mama anasema mgeni. Basi kila asubuhi anapiga hodi vyumbani kwao kuwajulia hali. Wanaovuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, anawaamkia kwa Kibemba chake cha sokoni, "Mwashibukeni," wanacheka, wanakunywa uji wake wa ulezi, na wakirudi tena wanamuulizia yeye kabla yangu.

Ila juzi alilala wakala mmoja wa forodha kutoka Dar. Ameandika: "Chumba kisafi, lakini kuna bibi anagonga saa kumi na mbili kuuliza nimeamkaje. Faragha hakuna."

Nyota mbili.

Jana nilisoma nikiwa jikoni, nikachemka. Nikamwambia mama asimgongee mtu mlango tena, hawa ni wateja. Na nilimwambia kwa ile sauti ya mapokezi, niliyokuwa nawatolea waliochelewa kurudisha ufunguo.

Akaendelea kukoroga uji.

"Mteja ni wa dukani, mwanangu. Anayelala kwangu nisipomgongea, nitajuaje kama kaamka?"

Baba alifia usingizini. Asubuhi ile tulidhani amechoka tu, tukasema aachwe apumzike, na mama ndiye aliyetukataza tusimsumbue. Nilikuwepo. Nimewezaje kusahau?

Leo hakugonga kwa mgeni. Na kwangu hakugonga. Miaka yote hunigongea, hata tukiwa tumenuniana. Nimelala macho wazi mpaka jua likaingia dirishani, nikisikiliza ndala zake zikipita mlangoni bila kusimama.

Nyota nitazitafuta tena, au nitazikosa. Kesho nitatangulia kuamka, nipige hodi kwake mimi.

Sijui kama ataitikia.