Chama cha Wenye Vinywa Viwili

Kihesa, Iringa
14 Machi 1954

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko Mbalizi haijakurudishia kikohozi. Mimi sijambo. Ndaga fijo kwa ndizi ulizompa dereva, zilifika zimeiva.

Mama, nimepata watu wetu. Sokoni, mama mmoja anaitwa Rozalia aliona nilivyofunga kilemba hadi shingoni, akaniinamia: "Binti, cha nyuma kimekula leo?" Nilitaka kukimbia. Akanishika mkono. "Changu hakijala tangu jana," akasema.

Kila Jumamosi tunakutana kwa mzee Liberatus, seremala. Majirani wanajua ni chama cha kuzikana. Tunapika makande sufuria kubwa, tunafunga mlango, tunavua vilemba na kofia. Tunalisha kinywa cha mbele na cha kisogoni, kisha kila mtu anaeleza wiki yake: nani alikaa na njaa mpaka cha nyuma kikasaga meno, nani alisikia kikimtajia kwa uchu jina la mtoto wa jirani. Ukisikia jina la mtu, unakimbilia kwa mwenzako akupe chakula na akae nawe. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumdhuru mtu.

Siku ya kwanza nililia. Sikuwahi kula mbele ya mtu mwingine ila wewe. Njoo, Mama, japo mara moja.

Mwanao,
Atuganile


Mbalizi
2 Mei 1954

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, kikohozi kimepungua, mahindi yamezaa vizuri.

Barua yako nimeisoma nikaitia motoni. Mnajifungia wote nyumba moja! Akilewa mmoja akaropoka, je? Baba yako nilimficha kisogo miaka minne. Siku aliponikuta naoga aliondoka bila viatu, na hakuwa mtu mbaya. Kula peke yangu nimezoea. Nageukia ukuta, nakipa cha nyuma sehemu yake, nalala.

Usivue kilemba mbele ya mtu, mwanangu. Nakuomba.

Mama yako,
Damari


Kihesa
20 Novemba 1955

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Miguu bado inavimba?

Usikasirike. Kuna fundi mwashi, Philbert Kalinga, amenichumbia. Nilipowaeleza wenzangu chamani, mzee Liberatus aliuliza jambo moja tu: "Anajua anamuoa nani?"

Basi nikamwita Philbert, nikavua kilemba, nikamgeuzia kisogo. Nilisikia kuku wa jirani wakiparura. Kisha akauliza, "Kinauma?"

"Kikiwa na njaa tu," nikasema.

Akatoka nje. Nikajua ndiyo basi, kama baba. Akarudi na mahindi ya kuchoma mawili, akanipa yote. "Huyu ale, na wewe ule," akasema.

Tutafunga ndoa baada ya Krismasi. Philbert atakungoja basi linapofika. Njoo, Mama.

Mwanao,
Atuganile


Kihesa
9 Juni 1957

Mama,

Shikamoo. Leo siulizi mengi, nisamehe.

Mzee Liberatus ameuawa. Mtoto wa hapa Kihesa alipotea, watu wakaja kwa mzee na mapanga wakiuliza kwa nini chama chetu kinafunga mlango. Mzee akatoka, akavua kofia, akawageuzia kisogo. "Nitazameni," akasema. "Nimeishi nanyi tangu ujana. Nimemla nani?" Walimpiga mpaka akafa. Kesho yake mtoto akapatikana kwa shangazi yake, mzima, anakula viazi.

Sisi wa chama cha kuzikana hatukuthubutu kwenda kumzika. Rozalia amekimbia, sijui aliko.

Lusia wangu ana miezi mitano. Kisogo chake ni laini, hakina kinywa, nakipapasa kila siku. Lakini watu wamekumbuka kwamba nami nilikuwa nikienda kwa mzee. Philbert analala mlangoni na panga. Mama yake, Evarista, aliniambia kwa upole: "Mkwe wangu, ukiwepo watakuja. Usipokuwepo hawana la kufuata. Ila mtoto ni wa ukoo wetu, hatoki hapa."

Amesema kweli, Mama. Verediana, dada yake Philbert, ananyonyesha. Atamnyonyesha na Lusia. Nakuja kwako. Nipokee.

Atuganile


Mbalizi
17 Juni 1957

Mwanangu,

Usiondoke. Usimwache mtoto. Nakuja mwenyewe kusema na huyo Evarista.

Wakati wa harusi yako sikuwa mgonjwa kama nilivyokuandikia. Nilifika Chimala, abiria wakashuka kula wali, wakaniita nikae nao. Niliogopa, nikarudi. Safari hii sishuki. Nisubiri.

Mama


Mbalizi
21 Juni 1957

Mama,

Shikamoo. Nimefika, nikakuta umefunga mlango. Jirani yako Saulo amenipa ufunguo, akasema umepanda basi la Iringa. Basi lako na langu yalipishana njiani, nami nilikuwa nimejifunika kitenge usoni nalia.

Maziwa yamejaa, kifua kinaniuma. Nayakamua chini.

Usirudi, Mama. Kaa na Lusia. Mimi huko wananijua. Wewe hawakujui.

Mwanao,
Atuganile


Kihesa
19 Januari 1958

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. U mzima? Unakula? Sisi hapa hatujambo. Philbert anakusalimu sana, akimaliza ukuta wa shule atakuja tena kukuona. Nimemwomba Evarista mara nyingine nimlete mtoto huko, hata kwa wiki moja. Amekataa.

Anashangaa kwa nini sili na wenzangu. Nimemwambia ni tumbo. Jioni Philbert ananiletea sahani nyuma ya ghala, anasimama kulinda mpaka vyote viwili vishibe. Ulipata mume, mwanangu. Nilikosea juu yake.

Lusia anatembea. Ana kicheko chako, na hapendi kuvaa viatu.

Sijui niliandike vipi hili. Alhamisi alianguka uani, akanyoosha mikono, akaita, "Mama." Hakukuwa na mtu mwingine uani. Nilingoja. Akaanza kulia, akaita tena.

Niliitika, mwanangu.

Mama yako,
Damari