Mbiu ya Vita Mwilini mwa Salma

Shikamoo mama,

Kariakoo jua linachoma. Jana, tukipanda ngazi za kwa shangazi, Salma wangu alikaa chini mara mbili kutafuta pumzi, embe lake la pilipili mkononi hajaligusa.

Daktari kasema vile vijidudu vilivyomuumiza koo vilishakufa, ila protini zinazopiga mbiu ya vita mwilini hazikunyamaza, askari wa mwili wakaugeukia moyo wake. Valvu, mlango wa damu moyoni, imeharibika. Atachomwa sindano ya kuzuia vijidudu hivyo visirudi kila mwezi, miaka mingi.

Alipoumwa koo lile, sisi tulimpeleka akakatwe kimeo, kumbe alihitaji dawa ya hospitali. Mdogo wake aliyeko kwako akilalamika koo, mkimbize zahanati siku hiyohiyo.

Usijilaumu, mama, na ulale. Akikatwa, wewe ulimshika kichwa tu. Miguu niliishika mimi.

Mwanao,
Zuhura