Njia Uliyoifungua Juu ya Ziwa

Baba Neema,

Nakuandikia mtoto amelala mapajani, kwa hiyo usishangae mwandiko ukipanda na kushuka. Anatambaa sasa. Ana masikio yako, yale ya kusimama, na akikasirika anakunja uso kama wewe ukinyimwa sombe yako ya majani ya muhogo.

Tangu tukuzike, njia yako ya kuzunguka vilima juu ya ziwa ilianza kumezwa na majani. Njia uliyoifungua kwa panga lako mwenyewe, ukawa unapandisha wageni wa Mbarara wanaokuja kutembea na mizigo mgongoni! Mama yako alisema niiache, mwenye kunyonyesha si mtu wa milimani. "Mukamwana, mke wa mwanangu, unatafuta nini kule juu?" Nilikuwa nakutafuta wewe. Napanda mpaka fasi ile tulipokaa, uliponiambia ziwa la Nakivale ni mtoto wa Ziwa Tanganyika la kwetu, bado halijajifunza kupiga mawimbi. Nakaa. Upepo tu. Nashuka.

Basi yule afande wa kambi ya jeshi ya Mbarara, mgeni wako wa siku zote, akapiga simu yako. Nikamwambia hupo tena. Akanipa pole. Kisha akauliza: "Sasa njia nani anajua?"

Nikasema mimi.

Alikuja na wenzake. Neema mgongoni, mimi nyuma kabisa kama ulivyonifundisha: "Ule wa nyuma njo shefu," yaani ndiye kiongozi. Asubuhi nilikuwa nimetangulia kulaza tawi bichi kwenye njia panda, kufunga ile inayoshuka kwenye mafunjo ya viboko. Kwetu Kivu, Kongo, hata mtoto anajua: tawi limelala, usipite. Sikuwaeleza. Nikakaa kidogo kunyonyesha, kuinuka, watu hawapo! Wamelikanyaga tawi, wameshuka. Tope magotini, na kiboko anakoroma karibu.

Nilipiga kelele, Baba Neema. "Afande! Rudi! Wote, sasa hivi!" Wakarudi mbio, wengine bila viatu.

"Mama, sisi huku Uganda tukiona majani kwa barabara, tunajua wanakaribisha mkubwa," afande akasema, anahema. "Mimi nilifikiri leo mkubwa ni mimi!"

Nilicheka. Sikuwa nimecheka vile tangu uondoke. Na katikati ya kicheko nikageuka kukutazama.

Jioni walimsimulia mama yako mlangoni. "Huyu mke ya kijana yako, hata kwa gwaride mimi hapana ogopa hivi!" akasema mmoja wao. Wakaomba warudi na wengine. Mama akanitazama. Nikamwambia kwa upole, lakini nikamwambia: "Mama, hii njia siiachi."

Jumamosi yake nilikuwa namfunga Neema kwa kitenge. Mama akaja, akamfungua yeye mwenyewe. "Leta mutoto. Bageni bako banangoja."

Nikapanda mgongo mtupu, mwepesi mpaka nikaogopa. Nilipofika fasi yetu, sikukaa. Mama mmoja, mgeni kutoka Nyamityobora ya Mbarara, pumzi zilikuwa zimemwishia, nilikuwa nimemshika mkono.

Lala, mume wangu. Usiku kitanda bado ni kikubwa mno, hilo sikufichi. Lakini nakuahidi, njia yako haitaota majani nikiwa hai. Ila usinisubiri tena pale juu. Siku hizi nikipanda, napanda na watu.

Mama Neema wako