Kiti cha Mbele

Jumanne, 4 Machi

Kituoni tena. Mabasi mawili yamepita yamejaa. La tatu nimesimama mlangoni, begi la mtu usoni. Gari la Kevin lilitupita mapema, yeye na Sandrine mbele, nyuma kutupu. Kevin ni mchumba wake. Sandrine ni binti wa Baba Mdogo, ninayeishi kwake hapa Kacyiru, Kigali, tangu nilipotoka Bukoba kuja kusoma. Ofisi yao iko Kiyovu. Chuo changu kiko hapo hapo chini, wangeweza kunishusha bila hata kuzima gari. Lakini viatu vyangu vinachafua mazulia. Alisema Sandrine mwenyewe, mwaka jana. Tangu siku hiyo sijaomba.

Alhamisi, 6 Machi

Mtihani wa takwimu umenipita.

Mvua ilinikuta njiani. Wenye pikipiki walijibanza chini ya paa la kituo cha mafuta. Mvua ikinyesha hawabebi mtu. Mabasi hayakusimama. Gari la Kevin likaja polepole kwa sababu ya maji barabarani. Nikapunga mkono. Sandrine akanitazama usoni, kisha akapandisha kioo. Kevin akapiga honi, kama salamu.

Nimefika, mlango umefungwa. Msimamizi alinionyesha saa yake tu. Nawachukia wote wawili. Naandika hivyo na sioni haya.

Ijumaa, 7 Machi

Baba Mdogo aliuliza mezani kuhusu mtihani. Sijameza tonge, Sandrine akajibu: "Papa, sisi tuliondoka yeye iko analala."

Nikaeleza. Mvua, kituo, kioo. Baba Mdogo akatikisa kichwa. "Dada yako hawezi kukuona unanyeshewa akakupita, binti yangu." Kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulioniuma. Somo nitalirudia mwakani. Ameamua kwamba posa ya Sandrine ikiisha nirudi kwa mama, nitulie huko kwanza. Nitulie. Mama ameshautangazia mtaa mzima kwamba mwanawe yuko chuo Kigali. Nitashuka kwenye basi na begi, majirani wanatazama.

Sandrine aliomba chumvi. Nikampa.

Jumapili, 16 Machi

Amekuja mzee atakayekuwa msemaji wetu siku ya posa. Anatafuta kesi. Ndivyo wanavyofanya hapa: kabla ya kumtoa binti, upande wake hujifanya una ugomvi na wakwe. Kijana wenu aliruka ua wetu. Ng'ombe wenu alikula mtama wetu. Uongo mtupu na kila mtu anajua. Wakwe huomba radhi, kreti ya bia inaletwa, watu wanacheka, shughuli inaendelea.

Nilimfuata mzee uani nikampa kesi yangu. Yote, mpaka kioo kilivyopanda. Akacheka mpaka akakohoa. "Iyi iko tamu. Nitaiweka ya mwisho." Amedhani nimetunga. Nikamwacha adhani.

Siku hiyo nataka hema zima la wageni linyamaze. Nataka mama yake Kevin amwangalie mwanawe usoni aone.

Jumanne, 18 Machi

Nalala vizuri siku hizi. Nimempigia Sandrine pasi mushanana wake, vazi la sherehe la kufunga begani. Mama Mdogo anasema nimekua. Acha nikue mpaka Jumamosi ya posa.

Jumamosi, 22 Machi

Sisi wasichana wa kumsindikiza na vikapu tulikuwa chumbani na Sandrine, tukisubiri kuitwa. Kipaza sauti kilileta kila neno. Mzee alianza na ng'ombe. Kisha ua. Kisha akashusha sauti: kuna binti yetu mwingine, siku ya mtihani wake, mvua inamwagika, huyu kijana wenu alimpita kituoni akampigia honi.

Hema halikunyamaza. Hema liliangua kicheko.

Wasichana chumbani wakacheka pia. Mimi na Sandrine hatukucheka. Nilikuwa nyuma yake, pini mkononi, nikimfunga mushanana begani. Akasema polepole, bila kugeuka: "Wewe uko mubaya." Ngozi yake ilikuwa pale chini ya kitambaa. Nikachomeka pini mahali pake.

Nje, msemaji wao alikuwa anaomba radhi. Kreti mbili. Na ahadi mbele ya wazee wote: kuanzia Jumatatu gari hilo litampeleka binti chuoni, kiti cha mbele, mpaka amalize masomo. Makofi. Vigelegele. Kevin aliambiwa asimame akubali, akakubali.

Nikatoka na kikapu kichwani, nikitabasamu kama nilivyofundishwa. Kisasi changu wamekinywa na bia.

Jumapili, 23 Machi

Nilikuwa nakunja viti vya kukodi. Baba Mdogo akaja, bado amevaa suruali ya jana.

"Ile ya mvua, mzee aliitoa wapi?"

"Kwangu."

Akaanza kukunja viti pamoja nami. Tulipomaliza akasema Bukoba nitakwenda likizo, kama wenzangu. Akamwita Sandrine chumbani, akafunga mlango. Nilisogea nisikie. Sikusikia kitu, na ningependa sana kusikia.

Hakuniomba msamaha. Viti alikunja vingi kuliko mimi.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Honi getini. Kevin alishuka mwenyewe kunifungulia mlango wa mbele. Mama yake alikuwa amempigia simu asubuhi kumkumbusha. Sandrine alikuwa ameshakaa nyuma. Viatu vyangu vilikuwa na tope. Sikuvipangusa. Kiti kilikuwa karibu mno na dashibodi, nikakisukuma nyuma mpaka kikagusa magoti ya Sandrine, nikakiacha hapo.

Kevin akaondoa gari.

Kituoni watu walikuwa wengi. Kevin alipunguza mwendo kwa sababu ya maji. Nilimwona msichana wa darasani kwetu, faili kichwani. Aliniona, akainua mkono. Nyuma palikuwa na nafasi. Ilikuwa nimwambie tu Kevin asimame. Lakini sikutaka kumwomba Kevin kitu.

Tulimpita.